Mkonga (Land Cruiser) wa 1994 unatikisika, unayumba na usukani haurudi: tuanze kuchunguza wapi?

#1 Mfuga Nyuki, Itigi

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijanunua kifaa chochote.

Nina Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, injini ya 1HZ, springi za mabapa mbele na nyuma, habu (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono. Inabeba asali kutoka vijiji vya upande wa Rungwa hadi Itigi, na mara nyingine inashika lami kwenda Singida. Ikifika mwendo wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa kwenye lami, gurudumu la mbele likipita juu ya kiungo cha daraja au kiraka cha barabara, usukani huanza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu, wala hautulii mpaka nipunguze mwendo hadi karibu kusimama. Hata bila kutikisika huko, gari halishiki mstari. Ni lazima nilisahihishe muda wote. Tena zipo siku ambapo nikitoka kwenye njia ya mchanga na kuingia lami usukani huwa mzito, na nikishakata kona haurudi wenyewe.

Fundi wa kwanza anasema boksi la usukani limekwisha. Wa pili anasema ni balansi ya magurudumu. Wa tatu anataka kubadilisha shokapu ya usukani peke yake. Kila mmoja anaeleza vizuri, na kila mmoja ana bei yake. Mimi naamini shida zote hizi zina chanzo kimoja. Je, niko sahihi?

#2 Spana 17, Morogoro

Dada, karibu. Nakataa hoja ya chanzo kimoja. Hiyo shida ya mwisho, ya usukani mzito baada ya kutoka mchangani, naitenga kabisa na zile nyingine, kwa sababu huenda haitoki kwenye usukani.

Gari hili halina difu ya kati, ile gia inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ukiweka kigingi cha gia kwenye H4 (magurudumu yote manne yakivuta) na habu zikiwa zimefungwa, propela shafti ya mbele na ya nyuma, zile zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, huzunguka kwa kasi moja bila kuachiana. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo lazima kitu kiteleze. Mchangani tairi huteleza na mvutano unaisha bila wewe kujua. Kwenye lami tairi haitelezi, mvutano unajikusanya ndani ya shafti na gia, na mkononi mwako unausikia kama usukani mzito usiotaka kurudi. Watu wengi wamefungua boksi la usukani zima kwa sababu ya habu zilizosahaulika.

Kwa hiyo swali langu ni moja: ukiingia lami, kigingi kiko wapi na habu ziko wapi?

#3 Nyika Kavu, Isiolo

Salamu kwenu. Mimi namuunga mkono yule fundi wa balansi, lakini namwongezea maneno. Mkonga wa umri huo aghalabu huvaa 7.50R16 zenye tyubu kwenye rimu za vipande, na tyubu iliyozibwa mara nyingi huwa na viraka vizito upande mmoja. Matope yaliyokauka ndani ya rimu nayo yana uzito wake. Mwendo wa 70 hadi 80 ndipo balansi mbaya inapojitokeza.

Tazama pia kama tairi zote nne ni za aina moja. Nimeona magari yenye tairi za redio (radial) mbele na tairi za nyuzi mtambuka nyuma, na gari la namna hiyo huyumba hata kama kila kitu chini yake ni kipya. Hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma. Ikiwa mtetemo utahama kutoka kwenye usukani na kuja kwenye kiti, umeshapata jibu bila kutumia shilingi.

#4 Bandari Salama, Dar es Salaam

Mwenye uzi, angalia fimbo ya panadi, ile inayoshika ekseli ya mbele isiende kushoto na kulia. Bushi zake zikila, usukani hutikisika hasa kama unavyoeleza, baada ya kugonga kitu kwenye mwendo. Langu ni la 2003, na tatizo liliisha siku ile ile nilipobadilisha bushi za fimbo hiyo na za mikono inayoshika ekseli.

#5 Chesisi Ndefu, Arusha

Mkuu wa #4, ushauri wako ni mzuri kwa gari lako, lakini gari la dada halina fimbo hiyo. Kwenye HZJ75 springi za mabapa zenyewe ndizo zinazoishika ekseli ya mbele. Mwaka 1999 ndipo mbele palipowekwa koili, zikaja HZJ78 na HZJ79, na hapo ndipo mikono na fimbo ya panadi vilipoingia. Hata nati za gurudumu zinakuonyesha tofauti: la zamani lina sita, hilo lako lina tano.

Kinacholingana na ushauri wako kwenye gari la mabapa ni bushi za springi na pini za shekeli, vile vyuma vinavyoshikiza ncha ya springi kwenye chesisi. Ingiza mtaimbo kati ya springi na chesisi, uubonyeze taratibu, uone kama jicho la springi linacheza ndani ya pini yake.

#6 Bandari Salama, Dar es Salaam

Asante kwa sahihisho. Nimekubali kuhusu fimbo, ila bado nasema ni bushi.

#7 Mzee Gia Nne, Mbeya

Wanangu, mmezungumza juu ya tairi na bushi, lakini hakuna aliyeuliza gari limesimamaje. Mwanangu Mfuga Nyuki, je, springi za nyuma zimeongezwa mabapa kwa ajili ya mzigo?

Nauliza kwa sababu mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia hulazwa nyuma kidogo kwa upande wake wa juu, na mlalo huo ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona na kulifanya gari lishike mstari. Mafundi wa alaimenti huuita kasta. Ukiinua mkia wa gari kwa mabapa ya ziada, pua inainama, na mlalo huo unapungua. Gari likiwa na mzigo huenda sawasawa. Likirudi tupu linayumba. Shekeli ndefu nazo zinabadilisha pembe hiyo: zikiwa upande wa mbele wa springi ya mbele zinaipunguza, zikiwa upande wa nyuma zinaiongeza. Springi iliyochoka na kulala nayo hubadilisha mahesabu.

Mashine ya alaimenti itakuonyesha kasta, lakini kwenye ekseli nzima kama hii hakuna skrubu ya kuirekebisha. Inarekebishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli, au kwa kurudisha springi kwenye hali yake. Gereji nyingi hupima tu jinsi ncha za mbele za tairi zinavyoelekeana, wanarekebisha tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele), wanakukabidhi gari na kusema alaimenti imekamilika.

#8 Mfuga Nyuki, Itigi

Nashukuru sana wote. Majibu yangu ni haya.

Mzee, ndiyo, aliyeniuzia aliongeza mabapa mawili nyuma, na ni kweli gari likiwa tupu linayumba zaidi kuliko likiwa na mapipa ya asali. Kuhusu habu, kaka Spana 17, msimu wote wa mvua dereva wangu huziacha zimefungwa, lakini anaapa kwamba kwenye lami kigingi kipo H2 (ya nyuma tu yakivuta). Tairi zote ni redio za aina moja. Nimehamisha magurudumu kama alivyosema Nyika Kavu, na usukani bado unatikisika vile vile.

Jambo jingine ambalo sikulitaja: nyuma ya gurudumu la mbele kushoto, kwenye lile tufe kubwa la chuma, kuna majimaji meusi mazito yanayovuja na kushika vumbi.

#9 Spana 17, Morogoro

Habu zilizofungwa wakati kigingi kiko H2 hazileti mvutano ule. Zinaizungusha tu propela shafti ya mbele bure na kula mafuta kidogo. Hapo dereva yuko salama. Lakini kuna jambo madereva wengi hawalijui. Shafti zikiwa zimejaa mvutano, kigingi kinaweza kufika H2 na bado gia ndani ikabaki imeshikana, kwa sababu meno yamebanwa. Dalili yake ni taa ya dashibodi kuendelea kuwaka. Rudi kinyumenyume mita chache usukani ukiwa umenyooka, utasikia mlio wa kuachia, na taa itazima. Dereva aangalie taa, asiamini kigingi peke yake. Tena kama balbu ya taa hiyo imekufa, hana shahidi yeyote.

Jaribu safari moja ya lami habu zikiwa wazi kabisa, zote mbili. Kama uzito wa usukani utabaki, nitaondoka kwenye hoja yangu.

#10 Bi Beringi, Mwanza

Nimesoma kimya mpaka nilipofika kwenye yale majimaji meusi. Dada, hilo tufe ndimo inamokaa jointi ya Birfield, ile inayozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, na juu yake na chini yake kuna beringi mbili ambazo gurudumu zima hugeukia. Ndani ya tufe panatakiwa kuwa na grisi nzito. Ikivuja kama uji mwepesi, maana yake oili sili ya ndani ya ekseli imekufa na mafuta ya difu yameingia kuichanganya. Pengine hata tundu la kupumulia la difu limeziba, hewa inapata joto na kuyasukuma mafuta kwenye sili. Grisi ikishakuwa nyepesi, zile beringi mbili zinakosa kinga, hasa ya chini, maji na mchanga wa mto vinaingia, na kutu inaanza.

Kwa maoni yangu hapo ndipo mtikisiko wako unapotoka. Beringi hizo hazizunguki. Zinageuka kidogo tu, na muda mwingi zimekaa mahali pamoja, gari likienda mbele. Barabara yenye mawimbi inazigonga hapo hapo kila siku hadi vibonde vinachimbika kwenye njia ya beringi. Usukani unakuwa kama unashikwa katikati, ukitoka kidogo unaachia ghafla. Na beringi zikishalegea, hakuna tena msuguano wa kutosha kulizuia gurudumu lisipepesuke likigongwa.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine. Piga jeki gurudumu la kushoto, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, kisha utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu zinahitaji kukazwa. Mchezo ukibaki wakati breki imekanyagwa, ni beringi za juu na chini za tufe. Halafu lishike kushoto na kulia: mchezo wa upande huo ni wa tairodi na ncha zake. Rudia upande wa pili.

Yule anayetaka kubadilisha shokapu ya usukani asipewe kazi. Shokapu mpya itaficha mtikisiko kwa muda, nawe utaendelea kukimbia na beringi zilizokufa.

#11 Mzanzibari wa Muscat

Asalaam aleikum. Huku Oman magari haya ni mengi, na ya umri huo bado yanapanda milima na kuingia mchangani. Bi Beringi ameeleza vizuri sana, lakini na mimi nitie langu: upepo. Watu tukiingia mchangani hupunguza upepo wa tairi ili gari lisizame, tukirudi lami tunasahau kuurudisha. Tairi laini za mbele zinaufanya usukani mzito na gari kuyumba. Dada amesema uzito unakuja siku anapotoka mchangani. Basi dereva aulizwe pia kuhusu upepo, si kuhusu kigingi tu.

#12 Nyika Kavu, Isiolo

Ndugu wa Muscat, umetoka Unguja ambako barabara ndefu kabisa unaimaliza kabla chai haijapoa, sasa unatufundisha jangwa sisi wa Isiolo! Lakini hoja yako naipokea, hata mimi nimewahi kumlaumu fundi kumbe ni upepo.

Niseme jambo kuhusu ununuzi. Bi Beringi akishinda, usinunue beringi kwa kuangalia boksi lake. Yapo maboksi yanayofanana kabisa na ya kiwanda, ndani mna kitu kingine. Chukua beringi ya zamani, linganisha maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, na ununue kwa mtu atakayekubali kuirudisha. Sili na felti (pete ya kitambaa kizito inayofuta tufe) nunua seti nzima. Kuweka beringi mpya nyuma ya sili ya zamani ni kazi ya kurudia.

#13 Chesisi Ndefu, Arusha

Kabla hatujamkabidhi Bi Beringi ushindi, kuna kuyumba ambako bado hakujaelezwa. Springi ya mabapa ina bolti moja ya katikati, kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kiti cha ekseli na kuizuia ekseli isitembee. Yu-bolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zikilegea, hasa baada ya mtu kuongeza mabapa na asirudi kuzikaza, bolti hiyo hukatika na ekseli husogea upande mmoja. Gari linaanza kwenda upandeupande, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, na dereva anaushika usukani umepinda ili gari liende moja kwa moja. Dada amesema mabapa mawili yaliongezwa nyuma.

Chukua futi kamba, nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kulia na kushoto. Kwa gari hili ni takriban milimita 2,980. Pande zote mbili zinatakiwa zifanane.

#14 Spana 17, Morogoro

Kuhusu boksi la usukani, kwa kuwa ndilo lililotajwa kwanza na sote tumelipita. Lisiguswe kabla ya jaribio hili: gari likiwa chini na injini inaunguruma, mtu mmoja ageuze usukani kidogo kidogo kushoto na kulia bila kusimama, mwingine alale chini aangalie na kushika kila kiungo kwa kidole. Kiungo kinachochelewa kuufuata usukani ndicho kimelegea. Aangalie pia bolti za boksi na chuma cha chesisi linapofungwa, kwa sababu nyufa mahali hapo huonekana tu boksi likivutwa.

Ile skrubu ya juu ya boksi ambayo kila fundi hupenda kuikaza ni hatari. Meno ya ndani hukaribiana zaidi usukani ukiwa katikati. Ukiikaza kupita kiasi, mchezo unapungua kweli, lakini usukani unabanwa katikati na haurudi, na hapo umetengeneza ugonjwa mpya. Dada, je, kuna aliyeigusa?

#15 Mfuga Nyuki, Itigi

Wakuu, nimefanya yote mliyoniagiza, nami naleta matokeo kama yalivyo.

Gurudumu la kushoto linacheza juu na chini hata breki ikiwa imekanyagwa. La kulia halichezi. Kwa futi kamba, upande wa kulia umezidi wa kushoto kwa milimita 18. Upepo ulikuwa sawa. Tumekwenda Singida na kurudi habu zikiwa wazi, na taa ya dashibodi inafanya kazi na ilikuwa imezimwa, lakini usukani ulikuwa mzito njiani. Nati ya skrubu ya boksi ina alama mpya za spana, ila dereva hajui ni nani aliyeigusa.

Kwa hiyo sasa nina majibu mengi kuliko nilivyokuwa nayo mwanzo.

#16 Bi Beringi, Mwanza

Kwangu mimi hakuna utata: anza na tufe la kushoto. Lifunguliwe lote, lioshwe, liwekwe beringi, sili na felti mpya, na shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) zipangwe upya ili beringi zikae kwa mkazo unaopimwa kwa mizani ya kuvuta, si kwa kukisia. Fanya na la kulia pamoja, kwa kuwa umri wao ni mmoja.

#17 Mzee Gia Nne, Mbeya

Mwanangu Bi Beringi, sikatai kwamba beringi zimekufa, lakini ukiweka beringi mpya kwenye ekseli iliyosimama vibaya zitakufa tena. Mimi ningeanza nyuma: bolti ya katikati itazamwe, yale mabapa mawili yatolewe, gari likae kimo chake, ndipo tuhukumu mbele. Asali haina uzito wa kokoto. Mabapa ya asili yanaiweza.

#18 Chesisi Ndefu, Arusha

Narekebisha kidogo kipimo changu cha #13, maana kinaweza kutuponza. Habu ya mbele husogea kidogo usukani ukipinda, na beringi iliyolegea pia inaisogeza. Milimita 18 ni nyingi mno kuelezwa na hayo peke yake, lakini kabla ya kufungua springi pima tena ekseli ya nyuma yenyewe kutoka pini ya mbele ya springi yake hadi kwenye chuma cha ekseli, pande zote mbili, kisha fanya hivyo hivyo kwa ekseli ya mbele. Hapo utajua ni ipi iliyohama.

#19 Mzanzibari wa Muscat

Mbona hakuna aliyeitaja shafti inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye boksi? Ina jointi ndogo ambayo ikishika kutu usukani huwa mzito mahali fulani na mwepesi mahali pengine katika mzunguko mmoja. Dada, uzito wako ni wa mzunguko mzima au wa sehemu?

#20 Spana 17, Morogoro

Naondoka kwenye hoja yangu ya habu kama nilivyoahidi. Swali la Muscat ni zuri, na lipo jaribio moja linaloligawa tatizo la uzito katikati. Piga jeki mbele yote, weka stendi, fungua ile fimbo inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda kwenye magurudumu. Kisha geuza magurudumu kwa mikono, na halafu geuza usukani peke yake, injini ikiwa imezimwa. Magurudumu yakiwa mazito au yakishikwa katikati, ni beringi za tufe, na Bi Beringi ana haki yake. Yakiwa mepesi na usukani ukawa mzito, ni boksi au jointi ya shafti, na zile alama za spana zitakuwa na maana. Vyote vikiwa vyepesi, basi kilichobaki ni kasta ya Mzee Gia Nne au pampu ya haidroliki, ambayo hatujaigusa kabisa hapa.

#21 Mfuga Nyuki, Itigi

Kaka Muscat, ni wa sehemu, ila sehemu hiyo ni katikati, na hilo sijui linamsaidia nani kati yenu. Fimbo tutaifungua fundi akirudi kutoka Manyoni. Mzee, mabapa nimeshaagiza yatolewe leo hii.

#22 Bi Beringi, Mwanza

Katikati, dada. Sehemu inayochimbika kwenye beringi ni hiyo hiyo.

#23 Spana 17, Morogoro

Na sehemu ambayo meno ya boksi hubana skrubu ikizidishwa ni hiyo hiyo pia. Ifunguliwe fimbo kwanza.